Gunia Lisilonuka

Nilipoolewa Mishamo nilikuwa na miaka ishirini na moja na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Nilitoka Mpanda mjini, nyumba yetu ilikuwa jirani na stesheni ya treni, na kabla ya ndoa nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili jikoni kwa masista. Huko ndiko nilikojifunza kuoka. Sizungumzii maandazi, hayo kila msichana aliyajua. Nilijifunza mikate midogo ya chumvi yenye kitu ndani, maharage au nyama au samaki, unaikunja kama mtu anayefumba kiganja, kisha unaiweka kwenye sufuria yenye mchanga wa moto chini na makaa juu ya mfuniko. Jumatatu ya Pasaka masista walikuwa wakiibeba kwenye vikapu na kwenda kuila porini chini ya miti. Waliita pikiniki.

Nilipoeleza jambo hilo kwa wakwe zangu, baba mkwe alicheka hadi akakohoa. Wao walikuwa wametoka Burundi miaka mingi nyuma, wakaletwa kwenye pori hili, wakafyeka na kulima mpaka wakawa wenyeji. Akasema kula porini ni kazi ya mtu anayekimbia, na yeye alishakimbia vya kutosha. Lakini watoto walikwisha kulisikia lile neno pikiniki na hawakumwacha apumzike. Mwisho akasema sawa, Pasaka hiyo tutakwenda kwenye miamba ya kijitoni, familia nzima, na kaka yake mkubwa ataalikwa, na mke wa mwanaye kutoka mjini ataoka hiyo mikate yake tuione.

Mama mkwe aliendelea kuchambua maharage yake. Nilimwita Mabukwe, kama Warundi wanavyomwita mama mkwe, naye aliniita mukazana, yaani mke wa mwanangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na ndiye aliyeitwa kusimamia vyungu kila harusi na kila msiba kijijini. Katika miezi sita niliyokaa naye sikuwa nimejua kama ananipenda au ananivumilia. Niliamini ananivumilia.

Kuna jambo lingine la nyumba ile lazima nilieleze mapema. Pale mpishi huuma kwanza. Siku ya kwanza nilipopika, niliandaa ugali na mboga nikaketi pembeni kwa adabu, na mikono yote ikabaki magotini. Nilidhani wamekinai chakula changu. Kisha Mabukwe akaniambia, “Uma kwanza, mukazana.” Nikamega, nikala mbele yao huku uso ukiwaka kwa aibu, ndipo wakanawa. Baadaye mume wangu akanieleza kwamba ndivyo walivyofanya tangu kwa babu zao, hata pombe mwenye nyumba huinywa kwanza ndipo ampe mgeni. Ni kuondoa sumu, akasema akicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Hasa kwa kuwa kwenye harusi yetu nilimsikia baba mkubwa, kaka yake baba mkwe, akisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamke wa kuja hujulikana mkono wake baadaye.

Tatizo lilikuwa unga. Nilikuwa na kilo mbili za unga wa ngano nilizotumiwa kutoka Mpanda kwa lori la mahindi, na watu wangekuwa zaidi ya ishirini. Jumamosi Mabukwe akanikuta nautazama ule mfuko akasema, “Ongeza unga wa muhogo. Ghalani kuna magunia mawili ya muhogo mkavu. Chukua la mlangoni, utwange.” Akaondoka na jembe lake.

La mlangoni. Alisema vile, wala hakumung'unya maneno. Naandika hili wazi kwa sababu limenikaa kooni miaka yote hii.

Nilifungua gunia la mlangoni nikageuza uso. Muhogo wa kulowekwa, kwa mtu asiyeuzoea, una harufu ya soksi iliyosahauliwa ndani ya buti. Vipande vilikuwa vya kijivu, vina madoa meusi. Nikaona mikate yangu imekuwa ya kijivu inanuka, na baba mkubwa anaishika kwa vidole viwili. Gunia la pili lilikuwa pembeni, nyuma ya majembe. Nikalifungua pia. Vipande vyake vilikuwa vyeupe kama chaki, vigumu, havina harufu yoyote. Nikajiambia kumbe wanaficha mzuri. Nikajaza ungo, nikatwanga, nikachekecha mara mbili, na unga ukatoka mweupe kuliko hata ule wa ngano. Nilifurahi, kusema kweli. Niliporamba kidole nilisikia uchungu kidogo kwenye ncha ya ulimi, nikadhani ni hamira niliyokuwa nimeishika kabla.

Kwetu mjini muhogo ulikuwa ule mtamu, unauchemsha au unautafuna mbichi na chumvi na pilipili njiani kutoka shule. Kwamba kuna muhogo mwingine ambao hauliwi mpaka ulale majini siku tatu nne, nililisikia tu kama jambo la watu wa vijijini. Wiki mbili kabla ya hapo nguruwe pori walikuwa wamevamia shamba, ikabidi familia ing'oe muhogo wote kwa haraka. Mapipa ya kulowekea yakajaa. Uliobaki ukamenywa, ukapasuliwa, ukakaushwa hivyo hivyo kwenye uchanja ili ungoje zamu yake. Siku hizo nilikuwa nimelala ndani na malaria, nasikia visu tu nje.

Jumatatu nikaamka na jogoo. Unga ulikuwa umeumuka vizuri usiku kucha. Nilikuwa nimepika maharage yakakauka, nikayaponda na dagaa wa Tanganyika, kitunguu, pilipili na mawese, na harufu ilipoanza kupenya kwenye mfuniko mume wangu akatoka nje na mswaki mdomoni kuja kuchungulia. Mikate ya kwanza ilitoka imeungua kidogo upande mmoja. Mjukuu wa Mabukwe, binti wa wifi yangu, msichana wa miaka minne aliyelelewa pale, alikuwa amechuchumaa karibu na jiko tangu kukicha. Nikampa mmoja ulioungua. Akaupokea kwa mikono miwili, akakimbilia kwenye migomba kama mtu aliyeiba. Mimi mwenyewe sikula, nilionja yale maharage tu. Sikutaka kula kabla ya wakati wangu wa kuuma mbele ya watu, maana safari hii niliusubiri kwa hamu.

Tuliondoka jua likiwa bado dogo. Nyasi zilikuwa ndefu, zimeloa, njia ina tope la mvua za mwisho. Baba mkwe na watoto wakubwa walitangulia. Nilibeba kikapu kichwani, kimefunikwa kitenge changu cha harusi. Mabukwe alikuwa mbele yangu amemshika mjukuu mkono, na nyuma yangu baba mkubwa alikuwa anakokota baiskeli pamoja na mume wangu.

Mabukwe aligeuka nusu akasema, kama mtu anayejikumbusha mwenyewe, “Kesho tuloweke lile gunia la pembeni. Pipa moja liko tupu.”

Nikauliza, “Kwani lile halijalowekwa?”

“Lingelowekwa lingekuwa jeupe vile? Muhogo ule bado ni sumu, mwanangu. Tulipofika hapa mara ya kwanza, kuna mama alipika bila kuloweka kwa sababu ya njaa. Asubuhi walikula, jioni alikuwa anawalilia wanawe wawili.” Kisha akamwonyesha mtoto ndege fulani mtini.

Sijui niliwezaje kuendelea kutembea. Miguu ilikwenda yenyewe. Kikapu kikawa kizito ghafla kichwani. Nilimtazama yule mtoto mbele yangu, visigino vyake vidogo vyenye tope, anaruka madimbwi na kuimba. Alikula lini? Alfajiri. Sasa ilikuwa saa tatu hivi. Asubuhi walikula, jioni wawili.

Ningesema hapo hapo. Mtu yeyote mwenye akili angesema. Lakini nyuma yangu nilisikia mnyororo wa baiskeli ya baba mkubwa ukikwaruza, tik, tik, tik, na nikasikia neno lake la siku ya harusi. Mwanamke wa kuja, mikate ishirini na zaidi, sumu. Nani angeamini kwamba nilikimbia harufu? Nikaanza kujidanganya kama mtoto. Theluthi tu ya unga. Moto mkali umeua kila kitu. Labda Mabukwe amechanganya magunia yeye mwenyewe. Nikamwomba Mungu amfanye Mabukwe awe amechanganya magunia.

Kisha mtoto akasimama. “Nyanya, miguu imechoka.”

Mabukwe akainama akamfunga mgongoni. Hatua chache tu na kichwa chake kikalala upande, mkono mmoja unaning'inia. Watoto wengi husinzia mgongoni, lakini mimi nilikiona kichwa kile kinavyoyumba nikataka kupiga kelele. Nikanyoosha mkono nikaugusa unyayo wake. Ulikuwa wa moto. Baada ya muda nikaugusa tena. Mara ya tatu Mabukwe akageuka akanitazama machoni, akauliza kama kikapu kinaniumiza. Nikasema hapana.

Pale kijitoni miamba ni mipana, imelala kama mikeka, na maji yalikuwa yanapita kwa kelele. Wanawake wakatandika. Mtoto akalazwa kwenye mkeka kivulini, mdomo wazi. Watoto wengine wakawasha moto wa kuchoma mahindi mabichi. Baba mkwe akasali sala fupi, akashukuru kwa ufufuko na kwa mvua, akashukuru hata kwa masista wa Mpanda, watu wakacheka. Nikafunua kitenge. Mikate ilikuwa mizuri. Nasema hivyo nikijua ninachosema. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, mawese yamejipenyeza kidogo kwenye mikunjo, na watu wakanong'ona kwa hamu.

Kisha mikono yote ikawa magotini.

“Haya, mke wetu,” baba mkubwa akasema. “Uma.”

Nikachukua mmoja. Nakumbuka vizuri sana nilichokiwaza na sijivunii. Niliwaza kuuma. Kipande kimoja hakingeniua, ningetafuna, ningemeza, ningetabasamu, na wote wangeamini kwa sababu desturi yao ilikuwa imetimizwa. Labda hakuna ambaye angeumwa. Nilifikisha mkate mdomoni. Nikasikia harufu ya kitunguu. Jicho likaenda kwa mtoto kwenye mkeka, nikatazama kifua chake kama kinapanda, na kutoka pale niliposimama sikuweza kuona.

“Msile,” nikasema.

Hakuna aliyeelewa. Mume wangu akacheka kidogo.

“Nyie, msile. Nimekosea muhogo. Unga ni wa gunia la pembeni.”

Baba mkubwa alisimama taratibu, akajipangusa suruali, akaniangalia kwa uso wa mtu aliyekuwa anasubiri jambo fulani na sasa limefika. “La pembeni,” akasema. “Na nani alikutuma la pembeni?”

Nikainamisha uso, mkate bado mkononi.

Mabukwe ndiye aliyeinuka. Alinijia, akautoa mkate mkononi mwangu, akaumega kwa vidole, akatupa maharage, akaweka ganda tupu mdomoni. Alitafuna polepole, macho yake yakiwa kwangu. Kisha akatema kwenye jani na kujifuta midomo kwa kanga. Nilijua kwamba amejua yote. Alijua alichoniambia na alijua nilichofanya, pengine alijua hata kwa nini, maana aliwahi kuniona nikiziba pua karibu na mapipa yake.

“Ni mchungu kweli,” akawaambia. “Kosa ni langu. Mimi ndiye nilimwambia achukue la pembeni. Nilisahau.”

“Wewe?” baba mkubwa akasema. “Wewe uliyewafundisha wanawake wa hapa wote kuloweka?”

“Mimi. Uzee umefika, shemeji.”

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo niseme. Lakini yeye alikuwa tayari amenishika mkono kwa nguvu, na akaniuliza kwa sauti ya chini, “Kuna aliyekula?”

“Mtoto,” nikasema. “Alfajiri nilimpa mmoja.”

Hapo ndipo nilipomwona Mabukwe akiogopa. Alianguka magoti kwenye mkeka, akamtikisa mtoto kwa ile mikono mikubwa, akamwita kwa Kirundi, mara moja, mara mbili. Mtoto hakufumbua macho. Mtu mmoja akaanza kulia. Mimi nilisimama pale na vidole vyangu vyenye mafuta, na sikuweza hata kusali, nilikuwa nasema tu moyoni amka, amka, amka. Mabukwe akampiga kibao cha shavu.

Mtoto akaamka akapiga yowe la hasira.

“Ulikula ule mkate wa asubuhi?” Mabukwe akamuuliza. “Sema. Ulikula?”

“Nilikula maharage,” akasema akilia.

“Na mkate?”

“Mchungu! Nikampa kuku.”

Watu wakashusha pumzi kwa pamoja, mtu akacheka, kisha wengi wakacheka. Mabukwe hakucheka. Alimkumbatia mtoto na kumbana hadi akalalamika. Mume wangu alimpakia kwenye baiskeli ya baba mkubwa akamkimbiza zahanati hata hivyo, wakamwangalia, wakasema hana kitu, akarudi anatafuna biskuti. Sisi wengine tulichimba shimo tukaifukia mikate yote na kuweka mawe juu. Tukala mahindi ya kuchoma, tukarudi mapema.

Nyumbani tulimkuta kuku mwekundu, yule wa shingo tupu, amelala chini ya uchanja miguu imekauka. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha ganda la mkate, kina alama ndogo za meno ya mtoto. Tulikuwa wawili tu, mimi na Mabukwe. Nikakaa chini kwenye majivu. Hizo alama za meno bado naziona.

Alimshika kuku mguu mmoja, akachukua jembe, akaenda kwenye migomba kumfukia. Nilimfuata.

“Mabukwe, uliniambia la mlangoni.”

“Najua nilichosema.”

“Sasa kwa nini?”

Hakuacha kuchimba. “Mimi watasema nimezeeka. Wewe wangesema nini?”

Alimfukia kuku, akasawazisha udongo kwa mguu, akaniambia niende nikateke maji.

Nilidhani yameishia hapo. Hayakuishia. Harusi iliyofuata kijijini Mabukwe alikwenda mapema kama kawaida na mwiko wake, wakampokea kwa heshima zote, wakampa kisu na kapu la vitunguu amenye. Vyungu walipewa wengine. Msiba uliofuata vilevile. Hakuna aliyemwambia neno baya. Mimi ndiye niliyeanza kuitwa, maana nilikuwa nimesema ukweli mbele ya wazee, na wanawake walinisifu kwa hilo nikiwepo na nisipokuwepo. Kila nilipoitwa nilijiambia leo nitasema. Nilikuwa naogopa, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo nilivyokuwa na mengi zaidi ya kuogopa kupoteza.

Pasaka ya mwaka uliofuata watoto walitaka tena pikiniki. Nilioka mikate ileile, safari hii kwa unga wa muhogo uliolowekwa, na ilitoka ya kijivu kidogo yenye harufu yake. Tukaketi kwenye miamba ileile. Mikono ikawa magotini. Nikachukua mkate, nikauma, nikameza.

“Wewe huna neno, mke wetu,” baba mkubwa akasema. “Ila leo shemeji naye aume. Aume mara mbili, huku na huku, tusije tukafa kwa usahaulifu wake.”

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha utani wa familia. Mabukwe akaupokea mkate kutoka mkononi mwangu, akauma upande mmoja, akatafuna, akaugeuza, akauma upande wa pili, akafungua mdomo kuwaonyesha kwamba amemeza, kama mtoto aliyepewa dawa. Nami nilicheka pamoja nao.

Akanirudishia mkate bila kunitazama. Nikaumaliza wote.